Mpira ulitulia kwenye glavu, kisha ukaanguka: kisa cha mdako uliobatilishwa

Kisa hiki kilitokea kwenye mechi ya mwisho ya mashindano ya besiboli ya shule za sekondari, Tanzania Bara. Majina ya mji, shule, wachezaji na waamuzi yameondolewa, na timu nitaziita Bluu na Nyekundu. Nakiandika kwa ajili ya waamuzi wanaoanza na walimu wa michezo, maana kinagusa swali linaloleta ugomvi kila msimu: mpira wa juu unahesabiwa umedakwa lini hasa? Wengi hujibu haraka kwamba ni pale unapoingia kwenye glavu. Kwa jibu hilohilo mechi ilisimama kwa karibu robo saa, na mwalimu mmoja akaondoka uwanjani akiamini timu yake imedhulumiwa.

Usuli

Besiboli ya shule kwetu ni changa. Wajapani wamechangia sana kuileta, na ndiyo maana vijana wetu hujipanga mistari miwili na kuinamiana kabla na baada ya mechi. Viwanja vingi ni vya mpira wa miguu vilivyochorwa upya kwa chokaa. Uzio hakuna, kuna kamba tu, na watazamaji wamesimama nyuma yake. Ligi kuu ya Marekani huwa na waamuzi 4 kwenye mechi ya kawaida. Sisi tunao 2, mmoja nyuma ya mdakaji na mwingine kwenye besi. Mechi za shule huchezwa awamu 7, na katika kila awamu kila timu hupata zamu moja ya kupiga.

Kwa msomaji asiyeufuatilia sana mchezo huu, inatosha kujua hivi. Mpira uliopigwa juu ukidakwa kihalali kabla ya kugusa ardhi, mpigaji ni auti, yaani ametolewa. Wakimbiaji waliokuwa kwenye besi hapo hawawezi kusonga mbele kihalali kama waliondoka kabla mpira haujaguswa na mlinzi. Aliyetangulia kuondoka lazima arudi kugusa besi yake. Mpira usipodakwa, mambo yanageuka: mpigaji anakimbilia besi ya kwanza, na aliyekuwa pale analazimika kwenda ya pili ili kumpisha. Kwa hiyo neno moja la mwamuzi linaamua watu watatu au wanne wakimbilie upande gani, tena kwa wakati mmoja. Ugumu wote wa kisa hiki unaanzia hapo.

Ilikuwa nusu ya pili ya awamu ya 7. Nyekundu walikuwa wanalinda, wakiongoza 5–4. Bluu walikuwa wanapiga wakiwa na auti 1, mkimbiaji mmoja besi ya kwanza na mwingine besi ya tatu. Mwamuzi wa nyuma alikuwa mtu mzima mwenye uzoefu. Mwamuzi wa besi alikuwa kijana, mchezaji wa zamani aliyemaliza shule karibuni, mwepesi na makini, na hadi dakika hiyo alikuwa amechezesha vizuri sana.

Tukio lilivyokwenda

Mpigaji wa Bluu aliupiga mpira juu na mbali, ukaelekea kati ya mlinzi wa kushoto na mlinzi wa kati. Wote wawili waliukimbilia. Wa kushoto alifika kwanza, mkono umenyooka mbele na mwili umeinama. Mpira uligonga sehemu ya chini ya glavu yake, karibu na kifundo cha mkono, ukaruka juu kidogo usawa wa bega. Akaunyakua tena kwa glavu ileile bila kupunguza mwendo. Hatua moja, ya pili, na bega lake likagongana na kifua cha mlinzi wa kati. Wakaanguka wote, na mpira ukachomoka kwenye glavu ukabingirika kwenye majani.

Mkimbiaji wa besi ya tatu alikuwa ameikanyaga besi yake akisubiri. Mpira ulipogusa glavu mara ya kwanza, kabla haujarukaruka, akachomoka na kufika besi ya nyumbani, ambako pointi hufungwa. Wa besi ya kwanza alikuwa amesogea hadi nusu ya njia kuelekea besi ya pili, kama tunavyowafundisha kwa mpira wa mbali wenye mashaka.

Mwamuzi wa besi aliuona mpira ukitulia kwenye glavu mara ya pili. Papo hapo akainua ngumi, akapaza sauti, "Auti!", kisha akageuza shingo kumtazama mkimbiaji wa besi ya kwanza. Kugongana kwenyewe hakukuona. Mkimbiaji aliposikia sauti ile akarudi mbio besi ya kwanza. Mpigaji, ambaye alikuwa karibu kuifikia besi hiyohiyo, akapunguza mwendo na kugeuka kuelekea benchi la kwao.

Mlinzi wa kati akainuka, akauokota mpira na kuurusha besi ya pili. Mlinzi wa besi ya pili akaudaka, akaikanyaga besi, kisha aliposikia wenzake wakipiga kelele kwamba yule wa besi ya tatu aliondoka mapema, akaurusha huko. Mlinzi wa besi ya tatu naye akakanyaga besi yake akimtazama mwamuzi, kukata rufaa. Mabenchi yote mawili yalikuwa yamesimama. "Refa, umeanguka!" "Kadaka! Kapiga hatua mbili huyo!"

Mwamuzi wa nyuma alikuwa na kazi yake: kuangalia kama mkimbiaji wa besi ya tatu ameondoka wakati halali. Alipomaliza aliinua macho, na alichokiona ni mlinzi wa kati akiokota mpira chini.

Maamuzi yaliyofanyika, na kwa nini

Mwamuzi wa nyuma aliinua mikono na kusimamisha mchezo baada ya kuona hakuna mkimbiaji anayesogea tena. Akatembea hadi katikati ya uwanja na kuwaashiria walimu wote wawili wabaki mabenchini. Alipomfikia mwenzake hakusema kitu. Alisubiri. Kanuni ya 8.02 ya kitabu cha kanuni rasmi za besiboli inakataza mwamuzi kujaribu kuubatilisha uamuzi wa mwenzake asipoombwa na huyo aliyeutoa. Kijana akaelewa.

"Kaka, wewe umeona nini?"

"Nimemwona wa kati akiuokota kwenye majani. Wewe uliutazama mpaka mwisho?"

"Niliuona umetulia. Walipogongana nilishageuka."

"Kati ya kutulia na kugongana, alifanya chochote? Alisimama wima? Alipeleka mkono kwenye glavu?"

"Hapana. Alikuwa bado amenyoosha mkono, anakimbia."

Maswali hayo yalitosha. Kijana mwenyewe akatamka kwamba hakuna mdako, na uamuzi ukabadilishwa na yule aliyeutoa. Kanuni inasema wazi kuwa mlinzi akigongana na mchezaji au ukuta, au akianguka, wakati uleule au mara tu baada ya kuugusa mpira, na mpira ukamtoka kwa sababu hiyo, hajadaka.

Rufaa ya besi ya tatu ilikataliwa. Kama hakuna mdako, mkimbiaji hakuwa na wajibu wa kusubiri hata kidogo. Na hata kama mdako ungekuwepo, aliondoka kihalali, maana kanuni inamruhusu kuondoka pale mlinzi wa kwanza anapougusa mpira, si pale anapoumiliki. Pointi ikahesabiwa: 5–5.

Likabaki suala zito, wakimbiaji wengine wawili. Mpira ulirushwa besi ya pili na besi ikakanyagwa wakati mkimbiaji wa besi ya kwanza yuko mbali nayo. Kama hakuna mdako, alikuwa analazimika kwenda huko, na kwa hesabu ya kawaida hiyo ni auti. Lakini alirudi kwa sababu aliambiwa na mwamuzi kuwa mpira umedakwa. Kwa hali kama hii, Kanuni ya 8.02 inawapa waamuzi mamlaka ya kufuta madhara ya uamuzi wa mwanzo, ikiwemo kuwaweka wakimbiaji pale wanapoamini wangekuwa kama uamuzi sahihi ungetolewa tangu awali. Mwamuzi wa nyuma aliuliza swali moja tu: "Mpira ulipoanguka, huyu wa kwanza alikuwa wapi?" Nusu ya njia, akajibiwa, na mpira ulikuwa mbali, walinzi wote wawili wako chini. Wakakubaliana kwamba angefika besi ya pili bila shida. Akawekwa besi ya pili, mpigaji besi ya kwanza, auti ikabaki 1.

Walimu wakaitwa pamoja. Mwalimu wa Nyekundu ndiye mkubwa kwa umri, na mwamuzi alianza kwake.

"Shikamoo mwalimu. Mpira haukudakwa. Ulimtoka mchezaji wako kwa kugongana, kabla hajauthibitisha."

"Marahaba. Sasa hata kama haukudakwa, besi ya pili tumekanyaga. Huyo wa kwanza si auti?"

"Alirudi kwa sauti yetu sisi, mwalimu. Hatuwezi kumwadhibu kwa kututii."

Matokeo

Mpigaji aliyefuata alipiga mpira wa chini uliopenya katikati ya walinzi. Mkimbiaji aliyekuwa amewekwa besi ya pili akafunga pointi, na Bluu wakashinda 6–5. Vijana wa Nyekundu walijipanga na kuinama kama kawaida, baadhi wakilia. Mlinzi wa kushoto alikuwa na maumivu ya bega, hakuvunjika.

Mwalimu wa Nyekundu aliandika pingamizi. Kamati ililitupa jioni ileile. Suala la kama mpira ulidhibitiwa au la ni uamuzi wa macho, na huo haupingwi. Suala la kuwaweka wakimbiaji lilifanywa ndani ya kanuni, na maelezo ya kanuni hiyo yanasema kwamba waamuzi wakishaeleza walivyoamua, hakuna anayeruhusiwa kubishana kuwa wangetumia busara yao kwa namna nyingine.

Uchambuzi: kilichokosekana kwenye mdako ule

Nianze na hoja ya hatua mbili, kwa sababu nimeisikia mara nyingi na ina nguvu masikioni mwa watu. Hakuna idadi ya hatua kwenye kitabu cha kanuni. Kinachotakiwa ni mlinzi aushike mpira kwa muda wa kutosha kuthibitisha kwamba ameumiliki kikamilifu, na kwamba anapouachia, anauachia kwa hiari na kwa makusudi. Ni mambo mawili, kumiliki na kuachia kwa hiari, na la pili ndilo watu hulisahau. Hatua ni ushahidi tu. Mchezaji anayepunguza mwendo, akasimama wima na kuanza kumtafuta wa kumrushia, hata nusu hatua yake inatosha. Anayekimbia bado katika mwendo uleule wa kuukimbilia mpira hajamaliza kudaka, hata akienda hatua tatu. Mlinzi wa kushoto wa Nyekundu alikuwa bado ndani ya juhudi ya kwanza: mkono mbele, mwili umeinama, mwendo haujapungua. Mgongano ukaingia humohumo.

Mfano mzuri wa upande wa pili ni ule wa Willie Mays, mlinzi wa kati wa New York Giants, tarehe 29 Septemba 1954, kwenye mechi ya kwanza ya World Series, yaani fainali za ligi kuu ya Marekani, pale Polo Grounds, New York. Vic Wertz, mpigaji wa timu pinzani, aliupiga mpira mbali sana katikati ya uwanja. Mays akaukimbilia akiwa ameipa mgongo besi ya nyumbani, akaudaka juu ya bega, akageuka, akaurusha, kisha ndipo akaanguka. Kuanguka kwake hakukuwa na uzito wowote katika kuamua mdako, kwa kuwa mpira ulikuwa umeshaondoka mkononi kwa kurushwa. Kurusha ndiyo njia iliyo wazi kuliko zote ya kuonyesha hiari.

Hapa kuna mtego kwa mwamuzi anayezidisha ukali. Mlinzi aliyekwisha kudaka, akapeleka mkono kwenye glavu ili arushe, na mpira ukamponyoka wakati huo, amedaka. Kanuni inalisema hilo waziwazi. Mwaka 2014 ligi kuu ya Marekani ilipopanua marudio ya video, waamuzi walianza kudai mpira uhame salama kutoka glavu hadi mkono mtupu, na midako ambayo miaka yote ilikubalika ikawa inafutwa. Malalamiko yakawa makubwa kiasi kwamba tarehe 25 Aprili mwaka huohuo tafsiri ile ikaachwa na ya zamani ikarudi. Kama mchezaji wa Nyekundu angesimama, akatia mkono kwenye glavu, halafu mpira ukaanguka, ningesema bila kusita kwamba ni auti.

Kule kurukaruka kwa mpira kwenye glavu hakukuwa na kosa lolote. Mpira unaweza kuguswa na mlinzi mmoja ukadakwa na mwingine, na mdako ni halali mradi haujagusa ardhi. Lau ungemtoka wa kushoto hewani na wa kati akaunyakua kabla haujafika chini, Nyekundu wangekuwa na auti yao. Ungemgusa mwamuzi au mkimbiaji njiani, hapo isingehesabika. Na kwa vijana wetu wanaopenda kuchezea kofia, niseme pia kwamba mpira uliozuiwa kwa kofia au kwa nguo haujadakwa.

Kamba zetu nazo huleta maswali. Mlinzi anaruhusiwa kunyoosha mkono juu ya kamba na kudaka upande wa watazamaji, na akizuiwa huko hana wa kumlaumu. Akidaka ndani ya uwanja kisha akaangukia nyuma ya kamba huku mpira bado anao, mdako unasimama, ila kila mkimbiaji anapewa besi moja. Walimu wengi huishtukia nusu hii ya pili siku ikiwatokea.

Uchambuzi: ngumi iliyowahi

Kosa la kijana lilikuwa la mpangilio wa macho. Aliamua alipoona mpira umetulia, na akaondoa macho kwenye mpira kabla kitendo hakijaisha. Kanuni aliijua, siku iliyofuata aliieleza vizuri kuliko mimi. Lakini kanuni inadai uthibitisho wa kuachia kwa hiari, na mwamuzi aliyekwisha kugeuka hawezi kuona chochote kikiachiwa. Walinzi wawili wanapokutana kwenye mpira mmoja, namshauri mwamuzi asubiri mpaka aone mpira mkononi baada ya wote wawili kusimama, au kuanguka. Sekunde moja au mbili za kimya hazimuumizi mtu.

Nimewahi kupingwa hapa kwamba wakimbiaji wanahitaji ishara mapema. Kwa aliyeko besi ya tatu hoja hiyo haina nguvu, kwa sababu yeye anatazama mguso, hasubiri ngumi. Kwa aliyeko nusu ya njia ni kweli anaumia kidogo akicheleweshwa. Ila kuchelewa kunamwacha palepale alipo, akiwa na uwezo wa kwenda mbele au kurudi. Ishara isiyo sahihi inamrudisha kabisa, inamtoa mpigaji kwenye njia, na inawapa walinzi auti ambayo haipo.

Kilichookoa hali ni namna waamuzi walivyozungumza. Mwamuzi wa nyuma hakutoa ishara yake juu ya ile ya mwenzake, na hakumuuliza "alidaka au hakudaka". Aliuliza alichokiona na asichokiona, na alichofanya mlinzi katikati. Maswali ya aina hiyo yanamruhusu kijana kusema ukweli bila kuaibika mbele ya uwanja mzima, na ndiyo ninayotaka yafundishwe kwenye kila semina.

Uchambuzi: mkimbiaji wa besi ya kwanza

Hapa ndipo nadhani mwalimu wa Nyekundu alistahili kusikilizwa zaidi ya alivyosikilizwa. Mamlaka ya kuwaweka wakimbiaji yanakata pande zote. Kama yule mkimbiaji angekuwa hatua chache tu kutoka besi ya kwanza mpira ulipoanguka, na kama mlinzi wa kati asingeanguka, basi auti ya besi ya pili ingekuwa na uwezekano mkubwa hata kama uamuzi sahihi ungetolewa tangu awali, na waamuzi wangepaswa kumtoa, hata kama amerudi kwa sababu ya sauti yao. Hawagawi zawadi kwa aliyechanganyikiwa. Wanakadiria kile ambacho kingetokea. Siku ile makadirio yalikuwa rahisi: nusu ya njia, walinzi wawili chini, mpira mbali. Kuna waliosema angefika hata besi ya tatu. Sikubaliani nao, kwa sababu mlinzi wa kati aliinuka haraka na alikuwa na mkono mzuri, na pasipo uhakika besi moja inatosha.

Tatizo ni kwamba hayo hayakuelezwa. Mwalimu aliambiwa tu kwamba mkimbiaji hataadhibiwa kwa kutii. Ni sababu nzuri, lakini ni nusu yake. Angeambiwa pia alikuwa wapi mpira ulipoanguka na walinzi walikuwa katika hali gani, pingamizi lile pengine lisingeandikwa.

Kwa wachezaji kuna mambo mawili. Walinzi wa Nyekundu hawakuitana; hakuna aliyepaza sauti "Wangu!", na kwa kawaida mlinzi wa kati ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuuita mpira wa namna ile. Mpigaji wa Bluu naye aliacha kukimbia hatua chache kabla ya besi. Angeigusa tu akapita, kungekuwa na suala moja pungufu la kutatua.

La mwisho ni dogo kwenye karatasi na kubwa uwanjani. Uamuzi ulipobadilishwa, hakuna aliyeitaarifu meza ya kumbukumbu. Mwandishi alikuwa ameshaandika auti ya 2 aliposikia sauti ya kwanza, na ubao ukabaki hivyo mpigaji aliyefuata alipoingia. Wakimbiaji wa Bluu waliondoka kwa kasi ya watu wanaodhani zipo auti 2, ambazo humfanya mkimbiaji akimbie bila kusubiri kitu. Mpira ule wa chini ungekuwa wa juu na ukadakwa, wote wawili wangekamatwa mbali na besi zao kwa habari ya uongo, na waamuzi wangekuwa na kikao cha pili katika awamu hiyohiyo. Baada ya uamuzi wowote kubatilishwa, mwamuzi wa nyuma anatakiwa atangaze kwa sauti idadi ya auti, besi zenye watu na pointi, asubiri ubao urekebishwe, ndipo amruhusu mrushaji arushe.